Vipele Vyeupe Pembezoni mwa Macho
(Maneno kwa watumishi wa umma na wakazi wa Chumbi)



Leo nazungumzia vipele vidogo vyeupe, vigumu kama chenga za mchele, vitokeavyo chini ya macho na kwenye kope. Madaktari huviita milia, jina lisilohusiana na milia ya punda. Ndani hamna usaha. Mna keratini, ile dutu inayojenga kucha na nywele, iliyonaswa chini ya ngozi ikakosa pa kutokea. Havikuletwa na uchafu wala husuda, wala haviambukizi.

Karibu nusu ya watoto wachanga huwa navyo, na hutoweka baada ya wiki chache. Mama asivikamue wala kuvipaka kitu. Kwa mtu mzima huweza kudumu miezi mingi.

Hatari imo mikononi mwetu. Mtu hutwaa sindano ya kushonea, akajitoboa mbele ya kioo, kisha akamwazima jirani sindano ile ile. Jicho li karibu mno, na sindano ya kushirikiana huweza kupitisha homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

Wengine hununua gulioni krimu za kung'arisha uso. Baadhi zina zebaki au haidrokwinoni, ambazo Serikali imezipiga marufuku katika vipodozi. Nyingine zina steroidi. Dawa hiyo ikipakwa muda mrefu huikondesha ngozi na yenyewe huweza kuzalisha vipele hivi hivi. Ikipakwa karibu na jicho huweza kuongeza presha ya jicho, na upofu utokanao na presha hiyo hauponi. Yaani mtu hununua maradhi kwa fedha yake!

Inatosha kunawa kwa upole na kuacha mafuta mazito. Anayekereka amwone mtaalamu, aviondoe kwa sindano safi; ni kazi ya dakika chache.

Hata hivyo, si kila kipele cheupe ni milia. Chenye kishimo katikati huletwa na kirusi na huambukiza. Mtu mzima aliyejaa vipele hivyo usoni apime UKIMWI bila kuona haya. Mabaka ya manjano karibu na pua huweza kuashiria mafuta mengi katika damu. Uvimbe mwekundu wenye maumivu ukingoni mwa kope ni chokea, nao hukandwa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu.

Mwenye kipele kinachokua au kutoa damu asingoje mavuno yaishe. Aende zahanati, aombe rufaa ya Hospitali ya Wilaya, Utete.