Samaki Mmoja Nyuma ya Jiwe

Mazungumzo ya redioni. Somo: Waebrania 10:24-25

 

Leo nataka tuzungumze juu ya samaki. Si wale wa Ziwa la Galilaya tuliowazoea katika mahubiri, wala si ngege wa Ziwa Victoria. Ni samaki wadogo sana, wa urefu wa sentimeta 3 hivi, wanaofugwa nyumbani ndani ya tangi la kioo.

Nilipostaafu ualimu, binti yangu aliniletea tangi la lita 60. Alisema, "Baba, usije ukakaa bure ukihesabu mabati." Nikaenda mjini, nikanunua samaki wanane waitwao tetra neoni. Asili yao ni vijito vya bonde la mto Amazon, huko Amerika ya Kusini, na wataalamu waliwapa jina lao la kisayansi mwaka 1936. Ubavuni wana mstari wa samawati unaong'aa kama taa, na sehemu ya nyuma ya mwili ni nyekundu. Ukiwaona wanageuka wote kwa pamoja, utamtukuza Muumba.

Basi nilijaza tangi maji ya mfereji asubuhi, na jioni nikawatia samaki. Kabla juma la pili halijaisha, saba walikuwa wamekufa.

Nilirudi kwa muuzaji nikiwa na hasira. Kijana yule akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, uliondoa klorini katika maji? Na chujio lilifanya kazi siku ngapi kabla hujatia samaki?" Nikamjibu kwamba lilifanya kazi kutwa moja tu. Akatikisa kichwa. "Basi hukuwapa nyumba. Uliwapa maji tu."

Akanieleza. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Lakini wako bakteria wema, wasioonekana kwa macho, wanaokaa katika chujio na changarawe. Wengine huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo si kali sana, nasi huipunguza kwa kubadilisha robo ya maji kila juma. Bakteria hao huhitaji majuma manne hadi sita, pengine zaidi, ili wazaliane vya kutosha. Mimi sikungoja hata siku mbili. Haraka yangu ndiyo iliyowaua.

"Na yule mmoja aliyebaki?" akaniuliza. Nikamwambia amejificha nyuma ya jiwe, rangi imefifia, na chakula hagusi. Nilimdhania kuwa mkaidi. Kijana akasema, "Hao hawaishi peke yao, Mwalimu. Wasipungue sita, na kumi ni bora. Akiwa katika kundi, macho ni mengi ya kumwona adui, naye adui hushindwa kuchagua wa kumkamata. Akiwa peke yake kila kivuli ni hatari."

Ndugu zangu, maneno hayo yalinichoma moyo, nami nitawaambia sababu.

Katika ushirika wetu yuko mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Siku ya mazishi tulijaa uani kwake, tukaimba, tukapika, tukachanga. Kisha kila mtu akarudi kwake. Baada ya muda mzee akaacha kuja kanisani. Jina lake lilipotajwa katika baraza la wazee, mimi ndimi niliyesema, "Amepoa. Akirudi tutampokea." Tukaandika hivyo, tukaendelea na habari ya paa. Miezi saba ikapita, wala hakuna aliyebisha hodi kwake.

Jioni ile nilikaa mbele ya tangi, nikamtazama samaki nyuma ya jiwe. Nikajiambia, "Huyu unamhurumia. Na yule je?"

Kesho yake nilikwenda. Mzee alifungua mlango, akanitazama kitambo, akasema, "Mwalimu, nilidhani mmenisahau." Sikuwa na la kujitetea. Nikamwomba msamaha kwanza, hata kabla ya kuketi. Tulipokwisha kunywa chai akaniambia, "Miaka mingi nimeketi na mama watoto katika benchi ile. Sasa nikiketi pale peke yangu, sisikii mahubiri. Nasikia nafasi yake tu."

Ndugu wasikilizaji, sisi tuliita jambo lile kupoa, kumbe lilikuwa ni majonzi.

Nirudie kidogo habari za samaki. Majuma sita nilibadilisha maji taratibu, nikiyaondolea klorini kwanza. Nikanunua hita, kwa maana huku kwetu milimani mwezi wa Julai ni baridi, na samaki hawa wanapenda maji ya nyuzi 22 hadi 26 hivi. Kisha nikaleta watano, na baadaye wengine watano. Sikuwamwaga. Mfuko wao uliwekwa uelee juu ya maji hadi joto lilingane, nikaongeza maji ya tangi kidogo kidogo, ndipo nikawaachilia. Baada ya siku chache yule wa nyuma ya jiwe alitoka, akaingia katikati ya wenzake, akala. Hata leo simtambui ni yupi.

Naomba mchukue mambo matatu.

La kwanza, wengi wetu husoma somo la leo ili kuwashutumu wasiokuja ibadani. Lakini litazameni vizuri nyumbani. Mwandishi anaanza na wale waliopo, akiwaagiza wajaliane na kutiana moyo katika upendo. Kabla ya kuuliza kwa nini fulani haji, tuulize nani amekwenda kwake.

La pili, anayerudi asimwagwe ghafla. Tusimsimamishe mbele Jumapili ya kwanza atoe ushuhuda. Mzee wetu hatukumwita aje tuketipo sisi. Mke wangu na mimi tulikwenda tukaketi katika benchi yake, mmoja huku na mmoja huku. Alikuja Jumapili ya tatu. Ziko Jumapili ambazo bado hawezi, na siku hizo sisi humwendea.

La tatu, usihukumu kwa rangi. Usiku mmoja niliwasha taa ghafla, nikaona samaki wote wamekwajuka, nikadhani nimewaua tena. Kumbe ndivyo walivyo: gizani rangi yao hufifia, na mwanga ukirudi, nayo hurudi pole pole. Vivyo hivyo wako ndugu waliofifia kwa sababu wamo gizani. Hawajafa. Wanahitaji mwanga, na wanahitaji muda.

Leo, kabla jua halijatua, mkumbuke mtu mmoja ambaye nafasi yake ni tupu. Usimpelekee salamu kwa mtoto. Nenda mwenyewe.

Na tuombe. Ee Baba, utusamehe sisi tuliowaita wenzetu wakaidi kumbe walikuwa peke yao. Utupe miguu ya kwenda kwao na subira ya kungoja. Na yeyote anayesikiliza sasa akiwa nyuma ya jiwe lake, umletee ndugu mlangoni. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.