Chombo Kinachovuja Hakifichwi



Mvuvi wa Makangale hupandisha chombo chake pwani, akakikagua ubao kwa ubao na kukalafati panapovuja. Haoni haya kufanya hivyo mbele za watu, kwani roho za wenzake zimo chomboni.

Fedha zetu nazo leo zimepakiwa chomboni, yaani katika mitambo ya mabenki na makampuni ya simu. Mnamo Oktoba 2020, nchini Uganda, wezi waliingilia mitambo ya Pegasus Technologies, kampuni iliyounganisha benki na huduma za fedha za simu. Stanbic, MTN na Airtel zilitoa tamko la pamoja kuhusu hitilafu ya mfumo wa mtoa huduma mwingine, zikawahakikishia wateja kwamba salio zao hazikuguswa. Habari za wizi wananchi walizisoma magazetini.

Je, asiyeambiwa ufa ulipo atajilindaje? Ukimya hulinda jina la mwenye chombo. Hatari hubaki kwa abiria.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 huitaka kampuni itoe taarifa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72, data za watu zikivamiwa na kuwahatarisha. Sheria ya Tanzania ya 2022 nayo yadai taarifa kwa Tume. Lakini haki huanza kabla ya sheria: makampuni yakague mitambo yao, yakiri udhaifu, yamfidie aliyedhurika. Nasi tuulize bila woga.

Mficha maradhi, kifo humfichua.