Mafunzo ya Rubani na Subira ya Abiria
Mazungumzo na wananchi wa Mwamapalala, mkoani Simiyu



Wengi wenu mtapanda ndege kwa mara ya kwanza Mwanza, pengine mkimsindikiza mgonjwa Dar es Salaam. Mtaikabidhi roho yenu kwa mtu msiyeuona uso wake. Ni haki yenu kujua amefunzwaje.

Mengi ya mafunzo hayo yalianzia jeshini. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Ohio, Marekani, ndege mpya ya kivita ilianguka mara baada ya kupaa, kwa sababu rubani hodari alisahau kufungua kufuli linaloushikilia usukani ndege inapoegeshwa. Hapo ndipo ilipoanza orodha ya ukaguzi, ambayo leo husomwa katika kila ndege ya abiria, hata na rubani mwenye miaka 30 kazini.

Wanaanga nao walifundisha kukosea mahali pasipoua. Mapema Julai 1969, wakufunzi wa Apollo 11 waliingiza kengele ya kompyuta katika zoezi. Waongozaji wakaahirisha kutua, kumbe hapakuwa na sababu. Waliamriwa kuichunguza kila kengele. Tarehe 20 Julai kengele ya jamii hiyo ililia kweli, chombo kikiushukia mwezi, na kijana wa miaka 26 akajua kuwa haizuii kutua. Rubani wa abiria hujifunza vivyo hivyo ndani ya simuleta, injini ikizimwa na moshi ukitanda, naye hupimwa mara 2 kila mwaka.

Gumu zaidi ni kumkosoa mkubwa. Mwaka 1977 ndege mbili ziligongana uwanjani Tenerife, watu 583 wakafa. Fundi aliyekuwa ndani ya moja alikuwa ameuliza kama njia ni nyeupe. Rubani mkuu hakusimama. Mwaka 1979 NASA iliitisha warsha, na kutoka hapo marubani wakaanza kufunzwa kwamba mdogo aseme na mkubwa asikilize. Kwetu kijana humsahihisha mzee kwa mafumbo. Angani hakuna muda wa mafumbo.

Abiria naye yumo. Mnakumbuka Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022: ndege ilijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, ikaangukia ziwani, watu 19 kati ya 43 wakafariki. Sihukumu tukio hilo. Nasema tu kwamba nami niliwahi kunung'unika ndege iliporudi ilikotoka kwa sababu ya mvua, na leo naona haya.

Basi rubani akirudi Mwanza, msimshinikize. Ulizeni sababu na utaratibu wa safari nyingine; hayo ni haki yenu. Msiporidhika, pelekeni malalamiko kwa shirika la ndege kwanza, kisha kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, mkiwa mmetunza tiketi na kipande cha kupandia.