Neno "wakubwa" limegeuzwa jalala

Wazee wetu walisema ukubwa ni jalala. Aliye mkubwa hutupiwa kila kitu, lawama, madeni na hata matusi, naye hana budi kupokea. Juma hili nataka tuitazame methali hiyo kwa upande mwingine. Nazungumzia neno lenyewe "wakubwa", na jinsi lilivyogeuzwa jalala huko Korea ya Kusini katika biashara ya hadithi za katuni.

Utauliza, Korea na sisi wapi na wapi? Jibu limo katika simu ya mkononi. Katuni za Korea siku hizi zinasomwa na vijana mjini kwa kubonyeza tu, na juu ya baadhi yake pameandikwa kuwa ni za watu wazima. Mzazi anayeliona neno hilo hushtuka. Kijana anayeliona huongeza kasi ya kubonyeza. Wote wawili hawajaambiwa kilichomo ndani.

Tuanze na jina. Wakorea huziita hadithi hizi manhwa. Neno hilo huandikwa kwa herufi mbili za Kichina, zile zile ambazo Wajapani huzisoma manga na Wachina huzisoma manhua. Nchi tatu, mzizi mmoja. Nyumbani Korea, manhwa ni katuni yoyote, hata ikitoka Marekani. Ni sisi tulio nje tunaolitumia neno hilo kwa katuni za Korea peke yake.

Halafu yako majina ya rafuni. Kwa miaka mingi wauzaji wa Korea walizipanga katuni kwa kumtaja msomaji. Za wavulana huitwa sonyeon. Za wasichana huitwa sunjeong, maana yake hisia safi, kwa kuwa nyingi ni za mapenzi. Za vijana waliokwisha kukua ni cheongnyeon. Za watu wazima ni seongin. Mara nyingi utakuta wasomaji wa nchi za nje wanazibandika katuni hizo majina ya Kijapani, seinen na josei. Hayo ni ya Japani. Mkorea anayo ya kwake.

Sasa, neno hilo la mwisho, seongin, ndilo lenye matata. Limebebeshwa mizigo miwili isiyofanana hata kidogo. Mzigo wa kwanza ni hadithi za mambo ambayo mtu huyaelewa akiwa amekwisha kuishi: kazi, deni, vita, ndoa, uzee. Mzigo wa pili ni picha za uchi na ngono. Kwa Mkorea wa kawaida, ukisema katuni ya seongin, mzigo wa pili ndio unaomjia kwanza. Nasi kwa Kiswahili hatuko mbali. Ukimwambia mtu una picha za wakubwa, hatakuuliza kama zinahusu mikopo ya nyumba.

Hebu tuone hasara yake. Mwaka 2012 msanii Yoon Tae-ho alianza kuchapisha katuni iitwayo Misaeng. Inamhusu kijana aliyeshindwa kuwa mchezaji wa kulipwa wa baduk, mchezo wa kuzingirana kwa kete ubaoni, akaingia kampuni ya biashara bila elimu ya chuo wala ajira ya kudumu. Humo mna vikao, ripoti, mabosi wakali na hofu ya mkataba kumalizika. Jina lake lina maana ya kete ambayo bado haijawa na uhakika wa kuishi. Wafanyakazi wa ofisini walijiona humo, na mwaka 2014 ikawa tamthilia ya televisheni. Hiyo ni hadithi ya watu wazima hasa, na haihitaji picha ya uchi kuwa hivyo.

Mwingine ni Keum Suk Gendry-Kim. Kitabu chake cha mwaka 2017, ambacho jina lake ni Nyasi, kinasimulia maisha ya bibi mmoja aliyechukuliwa akiwa binti na kutumikishwa katika madanguro ya jeshi la Japani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 2020 tafsiri yake ya Kiingereza ilipata tuzo ya Harvey huko Marekani. Je, kitabu hicho tukiweke jalala moja na picha za kuuza tamaa? La hasha.

Ndugu msikilizaji, jina baya halimuumizi msomaji peke yake. Lee Hyun-se alikuwa mmoja wa wachoraji mashuhuri kabisa wa Korea. Katuni yake ya mwaka 1983 kuhusu timu ya besiboli ya watu waliokataliwa ilijaza watu wazima katika vyumba vya kukodishia katuni, viitwavyo manhwabang, na mwaka 1986 ikatengenezwa filamu. Mwaka 1997 akaanza kutoa kazi kubwa juu ya asili ya binadamu na chimbuko la taifa la Korea. Aliitoa kwa matoleo mawili, moja la watu wazima na jingine la vijana. Waendesha mashtaka wakamshtaki kwa uchafu, na kilichoshtakiwa ni lile toleo la vijana. Mwaka 2000 akahukumiwa faini ya won milioni 3. Akakata rufaa, akashinda mwaka 2001, na Mahakama Kuu Kabisa ikamaliza shauri mwaka 2003 kwa kumwachia. Hebu hesabu miaka ambayo msanii huyo alikaa na mawakili badala ya kalamu.

Wakati shauri hilo likiendelea, Mahakama ya Katiba ya Korea ilitoa uamuzi ambao ungepaswa kubandikwa katika kila duka la vitabu. Sheria ya zamani ya kuwalinda watoto ilikataza "katuni mbaya", yaani zile zinazohofiwa kuchochea ashiki au ukatili. Februari 2002 mahakama ikasema kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Maneno yake hayakuwa na mipaka, na raia wa kawaida hawezi kujua kipi kinaruhusiwa na kipi kinakatazwa.

Hata hivyo, mazoea hayafi kwa hukumu. Mwaka 2012 chombo cha serikali cha kusimamia mawasiliano kilitaka kuziita katuni 23 za intaneti hatari kwa vijana, na wasanii wakaandamana kupinga. Machi 2015 chombo hicho hicho kiliufunga mtandao mzima wa katuni za kulipia uitwao Lezhin, kisha kikageuza uamuzi wake siku iliyofuata.

Msinielewe vibaya. Sisemi ua ubomolewe. Zipo katuni za Korea ambazo mtoto hapaswi kabisa kuziona, na wapo wafanyabiashara wanaolipenda neno "watu wazima" kwa sababu linaleta wateja. Mzazi anayeogopa ana haki ya kuogopa. Lakini ua si maelezo. Alama ya 19 inayowekwa juu ya katuni huko Korea inajibu swali moja tu: nani aruhusiwe? Swali la pili, kuna nini ndani, linabaki bila jibu.

Wakorea wenyewe wameanza kulishughulikia. Mwaka 2019 mitandao ya katuni ilianza kutumia madaraja manne: kwa wote, miaka 12, miaka 15 na miaka 18, kwa kupima mambo kama ukatili, ngono na lugha. Hapo ndipo pa kujifunzia. Mwanao akikwambia anasoma katuni ya Kikorea, usiishie kuuliza kama ni ya wakubwa. Muulize inahusu nini, kisha keti naye muifungue pamoja. Na wewe uliye mtu mzima, usione haya kusoma hadithi yenye picha. Huenda ndiyo inayoeleza kazi yako, deni lako na uzee wa mama yako.

Ukubwa ni jalala, sawa. Lakini hata jalalani mwenye busara huchambua kabla ya kuchoma.