Saratani ya Utumbo Mpana: Nani Hufa, na Hufa Wapi?



Leo twazungumza juu ya maradhi ambayo wengi huona haya hata kuyataja, yaani saratani ya utumbo mpana na puru. Kwa hesabu za dunia za mwaka 2022, iliua watu wapatao 900,000, ikawa ya pili baada ya saratani ya mapafu. Lakini wingi wa vifo pekee haufundishi sana. Yafaa tutazame ni nani hufa, na hufa wapi; nasi tumechagua mfano wa Marekani, ambako hesabu za vifo hupangwa kwa umri, jinsia na wilaya.

Huko vifo vya maradhi haya vimepungua kwa zaidi ya nusu tangu 1970. Hata hivyo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha maeneo matatu yaliyoachwa nyuma: bonde la chini la mto Mississippi, sehemu ya milima ya Appalachia, na mashariki ya Virginia na North Carolina. Katika bonde la Mississippi kiwango cha vifo kilizidi kile cha sehemu nyingine kwa asilimia 40. La ajabu ni kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970 kiwango cha bonde hilo hilo kilikuwa chini kwa asilimia 18! Basi asiseme mtu kwamba ni damu yao. Damu haibadiliki kwa miaka 40. Wenzao walipata vipimo na matibabu mapya. Wao, kwa umaskini na uhaba wa madaktari, wakakosa.

Na vipimo ndivyo vyenye kuokoa. Maradhi haya kwa kawaida huanza kwa kinundu kidogo ndani ya utumbo, ambacho huchukua miaka kumi au zaidi kugeuka saratani. Daktari akipitisha kamera kwa njia ya haja kubwa, aweza kukiona na kukikata papo hapo. Saratani ikigunduliwa kabla haijatoka utumboni, wagonjwa wapatao 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Ikishaenea mbali, hawafiki 2 kati ya 10.

Wanaume hufa kwa kiwango kinachozidi cha wanawake kwa zaidi ya theluthi moja. Sigara na pombe zina sehemu yake humo. Na wazee ndio wengi. Lakini vijana wasijidanganye: taarifa ya mwaka 2024 ilieleza kwamba miongoni mwa wanaume wa Marekani walio chini ya miaka 50, hakuna saratani iuayo zaidi ya hii. Ndiyo maana mwaka 2021 umri wa kuanza kupimwa huko ulishushwa kutoka miaka 50 hadi 45.

Sisi tunaofundishana istinjaa tangu utotoni hatuna udhuru wa kuona haya mbele ya daktari. Damu katika choo, choo kilichobadilika kwa majuma, kukonda bila sababu: hayo yasiitwe bawasiri kabla ya kupimwa. Na ambaye mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja aliugua, hushauriwa aanze kupimwa akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougulia jamaa huyo. Lakini atajuaje, iwapo nyumbani aliambiwa tu kwamba marehemu baba yake alikufa kwa “tumbo”?