Mazoezi ya Mganga na Uhai wa Mgonjwa



Askari apelekwaye kwenye uwanja wa shabaha mara moja tu kwa mwaka hawezi kutegemewa kulenga sawa na mwenzake aendaye huko kila juma. Jambo hili hakuna afisa asiyelijua. Leo tunataka kulitazama katika chumba cha upasuaji.

Mwaka 1979 wataalamu watatu wa Marekani, Luft, Bunker na Enthoven, walichapisha uchunguzi wao juu ya aina 12 za upasuaji katika hospitali 1,498. Katika upasuaji mgumu, kama ule wa moyo na wa mishipa ya damu, hospitali zilizoufanya mara 200 au zaidi kwa mwaka zilikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 25 hadi 41 kuliko zile zilizoufanya mara chache. Lakini katika kubadili kiungo cha nyonga, mara 50 hadi 100 kwa mwaka zilikaribia kutosha. Na katika kuondoa mfuko wa nyongo, wingi wa kazi haukuonyesha tofauti.

Sababu si mkono wa mpasuaji peke yake. Yupo mtoa dawa ya usingizi, yupo mtunza damu, na yupo muuguzi wa zamu ya usiku ambaye, kwa kuwa amewaona wengi, hutambua mapema kwamba mgonjwa anavuja damu ndani. Hiki ni kikosi, na kikosi hufundishwa na kazi. Ni kweli pia kwamba hospitali yenye sifa njema huwavuta wagonjwa. Kwa hiyo wingi huzaa ustadi, na ustadi nao huzaa wingi.

Sasa na tuje nyumbani. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo yana watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Hospitali ya rufaa iko Mbarara, mwendo wa kilomita 50 au 60 hivi. Hospitali hiyo hupokea wagonjwa wa kusini-magharibi yote, na ndiyo inayowafunza waganga wa Chuo Kikuu kilichoanzishwa hapo mwaka 1989.

Je, kila anayehitaji kisu apelekwe Mbarara? La, hasha. Mama aliyekwama katika uchungu wa kuzaa aweza kupasuka mfuko wa uzazi akiwa njiani. Na atokwaye damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufa kwa muda wa saa mbili. Ndiyo maana mwaka 2015 tume ya kimataifa ya jarida la Lancet ilitaja kazi tatu zipasazo kupatikana ndani ya saa mbili: kuzalisha kwa upasuaji, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika na kutokeza nje ya ngozi. Kwa mpango wa Uganda, kituo cha afya cha daraja la nne hupaswa kuwa na chumba cha upasuaji. Wazazi ni wengi, hivyo kazi ya kumpa mganga mazoezi ipo. Lakini chumba chenye taa na kitanda, kisicho na mtoa usingizi wala damu, ni jengo tu.

Basi kanuni ni hii: lililo la kawaida na la haraka lifanywe karibu, na lifanywe mara nyingi, lililo adimu na gumu lipelekwe penye waliolizoea. Kati ya hayo mawili ipo barabara, na barabara imo mikononi mwenu.

Gari la wagonjwa lifikapo kizuizini, lipite kwanza, maswali yafuate. Polisi akutaye majeruhi wa pikipiki azuie damu, aufunge mguu kwa ubao usitikisike, kisha aulize ni wapi palipo na mpasuaji aliye kazini usiku huo, si wapi palipo na jengo kubwa. Dakika 20 zinazookolewa kizuizini ni sehemu ya upasuaji, ingawa aliyeziokoa hakushika kisu.