Biashara ya Mara: timu ya wote, mali ya nani?

Leo naomba tuzungumzie kandanda. Najua wapo watakaosema kwamba mkoa wa Mara una mambo mazito zaidi ya kuzungumza: maji, barabara, bei ya pamba, samaki wanaozidi kupungua ziwani. Ni kweli. Lakini timu ya mpira ni mali ya umma kama mali nyingine, na namna inavyokufa haitofautiani sana na namna vitu vingine vya umma vinavyokufa. Watu wa Musoma waliokiona kiwanda cha nguo cha MUTEX kikivuma, na kisha wakakiona kikinyamaza, hawahitaji mwalimu wa kuwafundisha jambo hilo.

Ninayotaka kuizungumzia ni Biashara United, timu ya Mara. Zamani tuliijua kwa jina la Polisi Mara. Ikabadili jina, na mwaka 2018 ikapanda Ligi Kuu pamoja na akina Coastal Union, KMC na Alliance ya Mwanza. Wengi walidhani ingekaa msimu mmoja tu na kurudi ilikotoka. Haikurudi. Ilipofika msimu wa 2020/21, katika ligi ya timu 18, Biashara ilishika nafasi ya nne. Juu yake walikuwapo Simba, Yanga na Azam tu. Nataka tuipime vizuri nafasi hiyo. Timu tatu zote zilizokuwa mbele yake ni za Dar es Salaam, zenye fedha, mabasi na majina makubwa. Hivyo katika timu zote za mikoani, kuanzia Kagera hadi Mtwara, hakuna iliyoizidi timu ya Musoma.

Nafasi hiyo ya nne iliipa tiketi ya kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Septemba 2021 ikaitoa Dikhil ya Djibouti. Oktoba ikakutana na Al Ahli Tripoli ya Libya, klabu kubwa yenye fedha nyingi. Mchezo wa kwanza ulichezwa Dar es Salaam, na Biashara ikashinda mabao 2 kwa 0. Kwa yeyote anayeujua mpira wa Afrika, kumfunga Mwarabu wa Afrika Kaskazini mabao mawili nyumbani bila kuruhusu hata moja ni mtaji mzuri kabisa wa kwendea ugenini.

Mtaji huo haukutumika. Timu haikwenda Libya. Zikatajwa sababu za fedha, za vibali na za usafiri, siku zikapita, na tarehe ya mchezo ikafika wachezaji wangali hapa nchini. Biashara ikatolewa katika mashindano ikiwa inaongoza kwa mabao mawili.

Naomba tusilipite haraka jambo hili. Timu kufungwa ni sehemu ya mchezo. Hata kufungwa mabao sita si ajabu, na wapo wakubwa waliofungwa zaidi ya hayo. Lakini timu iliyoshinda uwanjani ikashindwa na safari imeshindwa na watu ambao hawakuvaa jezi. Vijana walifanya kazi yao kwa dakika tisini. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kalamu, simu na fedha, nayo ndiyo iliyolala. Sasa jiulize, msikilizaji: mchezaji aliyeona jasho lake likipotea namna hiyo, Jumamosi inayofuata atacheza kwa moyo gani?

Jibu lilikuja mapema. Msimu huohuo wa 2021/22, miezi michache tu baada ya kumfunga Mlibya, Biashara ilishuka daraja pamoja na Mbeya Kwanza. Mwaka 2024 ikajitutumua, ikafika mtoano wa kurudi Ligi Kuu, ikakutana na Tabora United na kukwama hapo. Tangu ishuke mwaka 2022 haijairudia Ligi Kuu.

Ukikaa kijiweni pale Musoma utasikia sababu nyingi za anguko hili. Huyu atakwambia kocha mzuri aliondoka. Yule atasema wachezaji walinunuliwa na timu nyingine. Wa tatu atawalaumu marefa, na wa nne atashusha sauti na kuanza kusema habari za ndumba. Nimezisikiliza zote. Makocha huondoka kila mahali, na mchezaji mzuri wa timu ndogo lazima atanunuliwa, kwa kuwa ndivyo mpira unavyokwenda dunia nzima. Klabu yenye misingi humwuza mchezaji mmoja, ikapata fedha za kuwatafuta watatu. Isiyo na misingi humwuza mchezaji na fedha zenyewe zisijulikane zilikokwenda. Ndiyo maana kwangu swali la kwanza linahusu mwenye timu, na la kocha linafuata nyuma.

Ilipokuwa Polisi Mara, jibu lilikuwa rahisi. Timu ya jeshi ina baba. Mchezaji ni askari, ana mshahara wake, ana pa kulala, na ikibidi kusafiri gari linajulikana litatoka wapi. Ilipokuja kuitwa Biashara, tukaambiwa sasa ni timu ya wananchi wa Mara. Maneno hayo yalipendeza. Lakini timu iliachana na baba mmoja aliyekuwa akilipa, ikakabidhiwa kwa maelfu ya baba wasioandikwa katika daftari lolote. Mwananchi wa Bunda akiulizwa, anasema ni timu ya Musoma. Wa Butiama anasema ina wenyewe mjini. Wa mjini naye anasema viongozi wapo, wanajua watakavyofanya. Hapo mtoto ameshakuwa yatima huku ukoo wote upo hai.

Jambo hili halikuanzia Mara. Wenye umri wanaikumbuka miaka ya sabini na themanini, mashirika ya umma yalipokuwa na timu zake. Kulikuwa na Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza, Ushirika ya Moshi, Bandari ya Mtwara, na zile za RTC huko mikoani. Mashirika yalipoyumba, na mengine yakauzwa au kufungwa katika miaka ya tisini, timu nazo zikazimika moja baada ya nyingine. Zilikuwa na shirika, hazikuwa na wanachama. Zipo pia zilizoinuka kwa nguvu ya mji wao. Tukuyu Stars ilipanda na kuchukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, nchi nzima ikashangaa, kisha ikashuka bila kukawia. Kulipata taji kumbe ni kitu kimoja na kuitunza klabu ni kitu kingine.

Pamba inatufundisha zaidi, kwa kuwa ni jirani yetu. Iliwahi kuwa tishio katika nchi hii na nje ya mipaka yake. Iliposhuka ilikaa chini kwa zaidi ya miaka 20, mpaka mwaka 2024 ndipo ikarudi Ligi Kuu kwa jina la Pamba Jiji, baada ya jiji la Mwanza kuibeba. Waliozaliwa iliposhuka walikuwa watu wazima iliporudi. Ninaposema Biashara iko hatarini, hicho ndicho ninachokiogopa. Chini ya Ligi Kuu ipo Championship, chini yake ipo First League, na chini yake zaidi ipo Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, ambako kila mwaka timu za mikoa yote hugombea nafasi chache. Timu inayoteremka haijui ngazi ya mwisho iko wapi. Kizazi kizima cha vijana wa Mara kinaweza kukua bila kuiona Ligi Kuu ikichezwa katika uwanja wa Karume.

Tena iliteremka wakati mbaya. Mei 2021 shirikisho la mpira lilitia saini mkataba wa televisheni na Azam Media, mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Maana yake ni kwamba klabu ya Ligi Kuu ina fungu la uhakika hata mvua ikinyesha na mashabiki wasije uwanjani. Biashara ilionja fedha hizo msimu mmoja, halafu ikashuka. Waliobaki juu wakaendelea kupokea. Kila msimu pengo linapanuka, na anayetaka kupanda leo anahitaji ngazi ndefu kuliko aliyepanda mwaka 2018.

Na gharama hazishuki pamoja na daraja. Kutoka Musoma hadi Mwanza tu ni zaidi ya kilomita 200. Nenda Dar es Salaam, nenda Mbeya, nenda Mtwara, kila safari ni zaidi ya kilomita 1,000 kwenda peke yake. Watu zaidi ya 20 wale, walale, wasafiri, wafike wakiwa na nguvu za kukimbia. Timu ya Dar es Salaam inaweza kucheza michezo mitatu au minne ya ugenini bila kutoka nje ya mkoa wake. Ya Musoma haina bahati hiyo. Na kanuni haimwonei huruma aliye mbali: asiyefika uwanjani anapoteza mchezo.

Sasa nije kwetu sisi mashabiki, maana viongozi tumeshawasema. Siku Simba au Yanga inapokuja Musoma, uwanja hufurika. Watu hutoka Bunda, Butiama, Tarime na hata visiwani. Lakini tazama rangi walizovaa. Nusu ya uwanja ni nyekundu, nusu ni njano na kijani, na wenyeji wanaocheza nyumbani hujikuta kama wageni. Mgeni akifunga, mji unalipuka kwa shangwe. Siku Biashara inapocheza na timu isiyo na jina, jukwaani wanabaki wauza karanga na watoto wa mitaa ya jirani. Sisemi kwamba mtu asiipende Simba au Yanga. Ninachosema ni kwamba ukimnunulia jezi mtu wa Dar es Salaam, wa nyumbani naye umkumbuke kwa kiingilio.

Nitajibiwa kwamba watu wetu ni maskini, na kwamba dawa ni kumpata mfadhili, labda mwenye mgodi, labda mheshimiwa fulani. Wafadhili tunawahitaji, na waje. Lakini tuwatazame kwa macho makavu. Mfadhili huja na shauku yake na huondoka nayo. Uchaguzi ukipita, au biashara yake ikiyumba, Jumatatu asubuhi timu inaamka haina hata nauli. Klabu inayosimama kwa mguu mmoja wa kuazima itaanguka siku mwenye mguu akiudai.

Na huo umaskini usitumike kufunga mjadala. Nenda Bunda, nenda Kiabakari, nenda mwalo wowote wa ziwa hili, uwatazame kina mama wenye vikoba. Ni wauza dagaa, wauza mboga na mama lishe. Wana sanduku lenye kufuli tatu, na kila ufunguo unashikwa na mtu wake, ili asiwepo hata mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Kila wiki hisa huhesabiwa mbele ya wote na kuandikwa. Mwisho wa mwaka wanagawana na hakuna anayelia. Kina mama hao hawana elimu ya uhasibu. Wana daftari, na wana haki ya kulitazama.

Tufanye hesabu ndogo. Watu 5,000 katika mkoa mzima wakijiandikisha na kutoa shilingi 1,000 kwa mwezi, ni shilingi milioni 5 kila mwezi, milioni 60 kwa mwaka. Fedha hizo hazitoshi kuendesha timu ya Ligi Kuu. Lakini zinatosha kuweka mafuta katika basi na chakula mezani, ili timu isikose mchezo kwa sababu ya nauli. Tena mwanachama aliyelipa 1,000 yake ana haki ya kuuliza, na kiongozi anayejua ataulizwa hutembea tofauti na asiyeulizwa.

Mji huu ndio uliotoa jina la Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi. Yapo mengi ya kulikosoa Azimio lile. Lakini wazee watakumbuka kwamba madarasa mengi yalisimama kwa mikono ya wanavijiji wenyewe, waliofyatua matofali na kuezeka. Walijitolea kwa kuwa waliliona darasa likipanda, na waliwajua watoto watakaokaa ndani yake. Mtu hachangii gizani. Mwonyeshe, atatoa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi. Kwanza, klabu iandikishe wanachama katika wilaya zote, na mwenye kadi wa Bunda awe na kura sawa na wa Musoma mjini. Pili, mapato na matumizi yabandikwe hadharani kila mwezi, hata ukutani pale uwanjani, mtoto wa shule ayasome. Tatu, tuache kuokoteza wachezaji kila dirisha la usajili huku vijana wetu wanaong'ara katika UMISETA wakichukuliwa na watu wa mbali bila klabu ya nyumbani kuwajua. Hakuna jipya katika hayo. Yanasubiri watu wa kuyafanya tu.

Kushuka daraja si msiba, timu nyingi zimeshuka na kupanda. Msiba ni kushuka na asiwepo wa kuuliza kwa nini. Oktoba 2021 vijana wa Mara walikuwa mabao mawili mbele ya Libya nzima, wakakosa wa kuwapeleka. Wanaovaa jezi ile sasa, na watakaoivaa kesho, wanastahili kumjua mapema atakayewapeleka.